Onyo la jua lianzie kwenye ratiba ya shule

Mhariri, wiki iliyopita uliuliza: nani amwonye kijana kuhusu jua na saratani ya ngozi, na aanzie wapi? Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma. Jibu langu ni kwamba tuanze na sisi watu wazima tunaopanga ratiba. Nasema hivyo nikiwafikiria wanafunzi wenye ualbino, maana kwetu hao ndio jua linawaua.

Kigoma iko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni miale huwa mikali mno, na mawingu hayaizuii yote. Ngozi nyeusi ina melanini, ile rangi yake ya asili, ya kuikinga. Mwenye ualbino hana kinga hiyo: miale hupenya na kuharibu vinasaba vya seli, na madhara hujilimbikiza tangu utotoni. Ndiyo maana saratani inaweza kumpata angali kijana, usoni, midomoni, masikioni au shingoni.

Sasa itazame siku yake. Paredi ya asubuhi inarefuka kwa matangazo mpaka jua linachoma. Foleni ya chakula cha mchana iko juani. Kuna shamba la shule, kuna michezo. Jumamosi yuko mwaloni Kibirizi akimsaidia mama yake kuanika dagaa, na dagaa huanikwa jua likiwa kali. Katika yote hayo hakuna saa aliyoichagua yeye. Halafu tunasimama mbele yake na kumwambia, "Jihadhari na jua, mwanangu." Ajihadhari vipi? Akitoka mstarini kwenda kivulini anaitwa mvivu. Akivaa kofia anaamriwa aivue kwa kuwa si sare. Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu wenzangu, na yananiuma.

Huko Ulaya na Marekani kuna vijana weupe wanaolipa fedha walale kwenye vitanda vya taa za miale hiyo hiyo, ili ngozi zao zigeuke kahawia. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliviweka vitanda hivyo katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, pamoja na tumbaku. Brazil ikavipiga marufuku mwaka huo huo. England na Wales zikawakataza walio chini ya miaka 18 mwaka 2011. Nchi hizo hazikumwachia kijana mawaidha peke yake. Kijana wa miaka 15 haogopi ugonjwa utakaokuja akiwa mtu mzima. Anachotaka ni kufanana na wenzake. Kwa ajili hiyo yule wa Ulaya hulala kwenye taa, na wetu huvua kofia yake ya pama asionekane wa ajabu. Na wapo weusi wanaojipaka mkorogo wenye zebaki au kemikali ya hidrokwinoni, wakaipunguza ile ile melanini inayowakinga.

Kwa hiyo pama iwe sare, na ningependa ivaliwe na shule nzima, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Kapelo haitoshi, inaacha masikio na shingo nje. Mashati yawe ya mikono mirefu. Paredi iwe fupi, tena chini ya mwembe. Miembe tunayo, Mungu ametujalia. Mafuta ya kujikinga na jua yana kazi yake, yakiwa ya kiwango cha kinga (SPF) cha 30 kwenda juu na yakipakwa tena kila baada ya saa mbili. Yapo hata yaliyotengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Lakini kopo huisha, na nguo na kivuli ndivyo vinavyobaki.

Wenye ngozi nyeusi nao wasijione salama kabisa. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Aina hiyo haisababishwi hasa na jua, lakini doa jeusi chini ya ukucha au kwenye unyayo, likizidi kukua, lionwe na daktari.

Na wewe kijana mwenye ualbino unayesoma hapa: kidonda kisichopona ndani ya mwezi, au doa lenye magamba linalokwaruza ukiligusa, au kinachotoa damu chenyewe, kipeleke hospitali. Kikiwa kidogo hugandishwa kwa baridi kali au hukatwa, ukarudi darasani. Kikiachwa kikue, utalazimika kusafiri hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kutoka Kigoma unajua umbali wake. Omba ruhusa kwa mwalimu wako wa darasa kesho. Akikunyima, mwambie mzazi wako aje shuleni aiombe mwenyewe kwa mkuu wa shule.