Kadi Kubwa, Kadi Kubwa 2, Kadi Mpya: tuziiteje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni dizaina, niko Mwanza, timu yetu tupo sita, madizaina wawili na madevelopa wanne, tunatengeneza apu ya saccos. Kinachotutesa ni majina ya komponenti, yaani vile vipande vya skrini kama batani na kadi. Kwenye Figma, programu ninayochorea skrini, nina Kadi Kubwa, Kadi Kubwa 2 na Kadi Mpya, kwenye kodi kitu hicho hicho kimeandikwa BlueBox, tukikaa kikao kila mtu anasema "kile kiboksi cha juu". Wiki iliyopita developa kabadilisha kiboksi cha salio wakati mi nilimaanisha cha rejesho la mkopo, siku mbili zikaenda bure. Majina tuyapange vipi? Na tuite kwa Kiswahili au Kiingereza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hapo developa wako hana kosa, kitu kimoja mmekipa majina matatu halafu jina moja la "kiboksi" mkavipa vitu viwili, angejuaje?

Tuanze na hilo BlueBox maana ndo linaniuma zaidi. Usiite komponenti kwa rangi, kamwe. Angalia M-Pesa, Kenya ilianza 2007 kwa Safaricom na rangi yao ni kijani, Tanzania ikaja 2008 kwa Vodacom na hapo ni nyekundu, huduma jina lile lile. Sasa chukulia dizaina kaita batani ya kutuma hela GreenButton, ikivuka Namanga tu jina limeshakuwa uongo, developa anasoma kijani huku kwenye skrini anaona nyekundu. Jina la kampuni nalo hivyo hivyo, waliokuwa wameandika TigoPesa kwenye kodi zao walifika 2024 huduma ikageuka Mixx by Yas. Lakini ukiita kwa kazi yake, batani kuu, batani ya hatari ya kufuta kitu, hata saccos yenu ikibadilisha nembo kesho jina linabaki kweli. Bootstrap, ile maktaba ya kodi iliyo tayari ya kutengenezea kurasa za wavuti, wana btn-primary na btn-danger, ukisoma tu unajua ipi ni ya kazi kuu na ipi uiogope, rangi inakaa pembeni inabadilishwa sehemu moja.

Jina la upande nalo linadanganya, watu wengi hawalijui hili. Bootstrap hao hao walikuwa na ml na mr, yaani nafasi ya kushoto na ya kulia, kwenye toleo la 5 mwaka 2021 wakageuza zikawa ms na me, mwanzo na mwisho, kwa sababu Kiarabu kinaanzia kulia na skrini nzima inageuka. (Hata Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, kwa hiyo siyo habari ya mbali.) Ndo maana "kiboksi cha juu" hakifai, siku mkikishusha chini mtakiitaje?

Sasa hizo kadi tatu. Kabla hujazipa majina ziweke zote kwenye ukurasa mmoja, ubavu kwa ubavu, ujiulize kweli ni tatu? Bootstrap toleo la 3 lilikuwa na visanduku vya aina tatu, panel, thumbnail na well, toleo la 4 la 2018 vyote vitatu wakaviacha wakabaki na card moja tu. Nahisi na zako zitaishia hapo: Kadi moja, ukubwa unakuwa sifa ya kuchagua ndani yake, mdogo, wa kati, mkubwa. Juu yake ndo mnajenga KadiSalio na KadiRejesho, kama kweli ndani kuna mpangilio tofauti, siyo maandishi tu yamebadilika. "Mpya" ifute leo leo, baada ya mwezi haitakuwa mpya na itakuja nyingine mpya zaidi yake.

Lugha: vitu ambavyo developa yeyote anavijua viacheni vilivyo, Button, Card, Toast, msijichoshe kutafsiri, na mvitumie kwa maana waliyozoea. Kwenye Android Toast ni ujumbe unaotokea na kuondoka wenyewe, ukitaka wenye batani ya kutengua hiyo ni Snackbar, msizichanganye. Ila hisa, rejesho, mdhamini, haya ni maneno ya kazi yenu, wanachama wanayasema, karani anayasema, yaacheni kwa Kiswahili hata kwenye kodi, kuliko kila mmoja kutafuta Kiingereza chake mkaishia na matatu tena. Ila angalieni wingi, kadi moja ni kadi na kadi kumi ni kadi, hisa vile vile, kwa hiyo orodha iandikeni OrodhaHisa ijulikane.

Na jina mkishakubaliana liwe hilo hilo Figma, kwenye kodi na mdomoni, herufi kwa herufi. Mi nikitaka kujua jina linafaa nampigia developa simu bila kumtumia picha yoyote, nasema "fungua KadiRejesho". Akifungua sawasawa, limepita. Akiuliza "ipi hiyo?" hata mara moja, tunarudi mezani. Jaribu na hizo zako wiki hii, anza na ile ya salio.