Jibu: Mchicha wa miba kwenye tuta la mchicha

Bibie wa Micheweni, umeuliza kama mchicha wa miba ulioota katikati ya mchicha wako wa kuuza uung'oe au uuache. Ung'oe leo, kabla haujatia mbegu. Ni jamaa wa huo unaoupanda, ndiyo maana unapenda jua na mbolea ile ile, na majani yake machanga yanapikika vizuri tu. Balaa ni mbegu: shina moja hutoa maelfu kwa maelfu, nazo hukaa ardhini miaka. Huota zikiwa karibu na uso wa udongo, zikipata mwanga. Basi palilia juu juu, usichimbe kwa kina ukazifukua za zamani, kisha tandaza nyasi kavu baina ya mistari.

Dawa ya magugu sikushauri kabisa. Itaua na mchicha wako. Isitoshe, huko Georgia, Marekani, mwaka 2005 ilithibitishwa kuwa mchicha pori aina ya Palmer umekuwa sugu kwa glaifoseti, dawa ya kuua magugu.

Samadi ya ng'ombe (nayo huleta mbegu!) ivundike kwanza mpaka ipate moto ndani.