Kanisa la Minara Miwili si lile la Mkunazini

Dada, minara uliyoiona Mji Mkongwe, Zanzibar, kutoka kwenye boti ya Dar si ya kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Watu huyachanganya makanisa haya mawili kila siku. La sokoni ni la Waanglikana, lipo Mkunazini, kazi ya Askofu Steere. Uliloliona wewe ni la Wakatoliki, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu; wenyeji tunaliita Minara Miwili. Wamisionari wa Kifaransa walilijenga kati ya 1893 na 1898.

Kuingia unaingia, ila usishangae ukikuta mlango wa mbele umefungwa. Mara nyingi hufunguliwa wakati wa misa tu. Zunguka nyuma, piga hodi kwa adabu, ukimpata mtu atakufungulia. Mimi ningekwenda Jumapili, maana kanisa lenye watu na kwaya lina ladha nyingine kabisa, lakini hapo kamera ikae mkobani. Mabega na magoti yafunikwe; chukua hata kanga, itakufaa na huko vichochoroni.

Ndani usikimbilie altare. Inua macho: kutani kuna michoro ya Agano la Kale, mingine imeliwa na unyevu wa bahari, na vioo vya rangi vililetwa kutoka Ufaransa. Matao yake ni ya duara, mtindo wa Kiromaneski.

Kutoka Forodhani, ile bustani ya ufukweni, ni mwendo mfupi kwa miguu. Shida ni kwamba ukishazama kwenye vichochoro minara yenyewe huioni tena, basi uliza tu "Minara Miwili wapi?"