Rangi za logi zisiingie ndani ya intarapti

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mikrokontrola, yaani zile kompyuta ndogo za kwenye chipu moja, wiki hii nimekaa nyuma yenu hapa karakanani Mbeya nikitazama terminali zenu, zile skrini za logi (mistari ya taarifa ambayo kifaa hutuma kikiwa kazini), zikiwaka nyekundu, kijani na njano, na nimeliona kosa lile lile nililolifanya mimi miaka kadhaa iliyopita. Rangi sizipingi, kwa sababu jicho lililochoka saa nne usiku huliona kosa jekundu upesi. Ninachopinga ni kuzipachika bila kuhesabu gharama yake.

1. Hesabuni baiti. Rangi nyekundu hutumia baiti tano, yaani eskepu (herufi isiyoonekana inayoanzisha amri ya rangi) ambayo ni namba 27, mabano ya mraba ya kufungua, 3, 1 na herufi m. Kurudisha rangi ya kawaida ni baiti nne nyingine. Kwa baudi 9600, yaani kasi ya kutuma biti 9600 kwa sekunde, kila baiti huchukua takriban milisekunde moja, hivyo mapambo peke yake hula milisekunde tisa katika kila mstari, ilhali kwa baudi 115200 hayafiki hata milisekunde moja.

2. Msichapishe mstari wowote wa logi ndani ya intarapti, yaani kile kipande cha programu kinachokatiza kazi nyingine mara tukio linapotokea. Nilitengeneza kidhibiti cha pampu kwa ajili ya kitalu cha miche ya parachichi karibu na Tukuyu, nacho kilitakiwa kuizima pampu baada ya lita 200. Kihisi cha maji kilitoa takriban mapigo 450 kwa lita, na katika kila pigo, ndani ya intarapti yenyewe, niliweka mstari wa kijani wenye baiti 50 pamoja na rangi zake. Mezani nilikijaribu kwa kukipuliza kwa mdomo, mapigo yakaja polepole, kila kitu kikaenda sawa, nami nikaridhika.

Kitaluni maji yalikuja lita 20 kwa dakika, yaani mapigo 150 kwa sekunde, wakati mstari wangu mmoja, kwa baudi 9600, ulihitaji milisekunde 52 kutoka. Bafa, yaani nafasi ya kuhifadhi baiti zinazosubiri kutumwa, ilipojaa, intarapti ilisubiri, na mapigo yaliyopita wakati huo yalipotea, kwa maana kidhibiti hukumbuka pigo moja tu linalosubiri. Kati ya mapigo manane lilihesabiwa moja. Mama mwenye kitalu aliwasha pampu akaenda sokoni, akijua itajizima baada ya dakika kumi; aliporudi, matuta yalikuwa yamezama na viriba vya miche vinaelea. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mashine yako inahesabu maji ya nani?" Swali hilo bado linaniuma.

Kilichozidisha ubaya ni kwamba nililaumu kihisi. Nilikibadilisha mara mbili, na kila nilipotafuta tatizo niliongeza mistari ya logi, rangi juu ya rangi, na hesabu ikazidi kupungua. Siku ya tatu niliomba ndoo ya lita 20, nikaijaza hadi mdomoni huku nikitazama skrini, na skrini ikasema lita mbili na nusu. Niliufuta ule mstari mmoja wa kijani, nikajaza ndoo tena, nikapata ishirini. Tangu hapo intarapti zangu huongeza namba tu, na kitanzi kikuu, yaani sehemu ya programu inayojirudia muda wote, huisoma na kuichapisha mara moja kwa sekunde.

3. Msipoirudisha rangi ya kawaida mwishoni mwa mstari, yote yanayofuata yatabaki mekundu.

4. Logi inayokwenda kwenye kadi ya kumbukumbu isiwe na rangi kabisa, kwa sababu faili hujaa vipande vya misimbo vinavyowasumbua wanaotafuta maneno ndani yake. Kifaa kitume herufi E (kosa), W (onyo) au I (taarifa) mwanzoni mwa mstari, na kazi ya kupaka rangi iachiwe kompyuta inayosoma.

Ndoo ya lita 20 iko nyuma ya mlango wa karakana. Anayefunga kihisi cha maji wiki ijayo aijaze mara tatu, logi zote zikiwa zimewashwa, kisha aniletee namba alizoandika kabla hatujapakia chochote kwenye gari.