Pima nafasi ya picha kabla hujaanza kuihariri

Jalada la kwanza nililopanga mwenyewe lilinitia aibu. Ilikuwa picha ya mama mmoja anacheka, nami nilikesha nayo: nikafuta madoa, nikang'arisha macho, nikapunguza kivuli cha shavuni. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli. Chapa ilipotoka, kope zilikuwa na ukungu na ukingo wa kilemba umekatika ngazi ngazi. Nikamrukia mchapaji. Kesho yake nikafungua faili na kugundua mkosaji ni mimi: picha ilikuwa na upana wa pikseli 1,200 (vile vidoa vidogo vinavyounda picha), nami nimeitandaza kwenye ukurasa mzima wa A4.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. A4 ina upana wa sentimita 21, yaani inchi 8.27 hivi. Gawa 1,200 kwa 8.27, unapata pikseli 145 kwa inchi, wakati chapa nzuri kwenye karatasi laini hutaka kama 300. Nilikuwa sijafika hata nusu. Na ile namba ya pikseli kwa inchi, 72 au 300, inayoandikwa ndani ya faili isikubabaishe, ni lebo tu. Kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, paneli ya viungo (orodha ya picha zilizowekwa) inaonyesha namba hizo mbili mbili kwa kila picha: ya faili yenyewe, na ile inayobaki baada ya picha kukuzwa au kupunguzwa ukurasani. Angalia ya pili. Picha ya 300 ukiikuza hadi asilimia 200 inabaki na 150.

Kwa hiyo siku hizi naanzia ukurasani. Nachora fremu, naipima, kisha naongeza milimita 3 kila upande unaofika ukingoni mwa karatasi, maana kisu cha kukatia huyumba kidogo na ukibana sana utaachiwa mstari mweupe. Jalada la A4 basi linahitaji picha ya upana wa sentimita 21.6, karibu pikseli 2,550. Kama picha haina pikseli hizo, napunguza fremu au natafuta picha nyingine. Kuilazimisha programu iongeze pikseli ni kuiambia ibuni kope ambazo kamera haikuziona.

Kazi ya kuhariri naihifadhi kama PSD, faili ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, leya zote (tabaka za uhariri) zikiwa hai. Ya kupeleka ukurasani ni nakala: naipunguza hadi kipimo chake, ndipo naikoleza makali, yaani kingo zake zionekane wazi zaidi. Ukikoleza kwanza halafu ukaipunguza, makali yale yanapotea au yanageuka chengachenga. Nakala hiyo naihifadhi kama TIFF, aina ya faili ya picha. JPEG, aina inayobana picha, siichukii, ikihifadhiwa mara moja kwa ubora wa juu inafaa. Ubaya wake ni kuifungua, kuihariri na kuihifadhi tena na tena, kwa kuwa kila mara inatupa kitu.

Rangi ndiyo inayoumiza wengi. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga, karatasi inazitengeneza kwa wino, na bluu kali ya kwenye kioo haina wino wa kuifikia. Picha ya asili iache kwenye RGB (rangi za mwanga: nyekundu, kijani na bluu), muulize mchapaji anatumia profaili gani (maelezo ya rangi za mashine na karatasi yake) ya CMYK, yaani wino nne za chapa, kisha ugeuze nakala na uitazame upya kabla ya kuipeleka. Weusi nao una mtego wake: wino zote nne zikijaa asilimia 100 jumla ni 400, karatasi inalowa na ukurasa unachafua wenzake. Wachapaji wengi wa karatasi laini hutaka jumla isizidi kama 300.

Kichwa cha habari usikiandike juu ya picha ndani ya Photoshop. Herufi zitageuka pikseli, na mhariri akitaka koma moja iondoke, unarudi mwanzo. Kiandike kwenye programu ya kupanga kurasa.

Mwisho, mafaili. Ukiweka picha kwenye InDesign au Scribus, programu nyingine ya kupanga kurasa, kwa kawaida ukurasa haubebi picha yenyewe, unakumbuka tu njia ya kuifikia. Ukihamisha folda au ukabadilisha jina, kiungo kinakatika. Kwa hiyo picha zote nazikusanya kwenye folda moja kabla ya kuziweka, na majina sigusi tena. Na mtu akinitumia picha kwa programu za ujumbe namwomba aitume kama faili. Ikija kama picha ya kawaida huwa imeshabanwa, na pikseli zilizotupwa njiani hazirudi.