Mtu wa Dodoma na Bahari, Wapi na Wapi?

Swali hilo aliniuliza mjomba nilipomwambia nataka kusomea shahada ya uzamivu (PhD) ya mambo ya bahari. Sikuwa na jibu. Bahari yenyewe nilikuwa nimeiona mara mbili tu, zote Dar, viatu mkononi.

Jibu lilikuwa Makutupora, kaskazini mwa mji, kwenye visima vinavyotunywesha. Kina cha maji pale kimepimwa tangu miaka ya 1950. Nikiwa shahada ya pili nilikuwa nashusha utepe kisimani, nangoja ulie ukigusa maji, naandika namba kwenye daftari lililojaa vumbi. Nilipozichora pamoja na za zamani, niliona mstari unashuka taratibu miaka na miaka, halafu unaruka ghafla. Mruko wa kukumbukwa ni wa msimu wa 1997/98, mvua za El Nino. Bahari ya Pasifiki ilikuwa imepata joto, na Bahari ya Hindi upande wetu ikawa na joto kuliko upande wa Indonesia, ndipo mvua zikatumiminikia. Chai ya mjomba ilikuwa inatoka baharini siku zote!

Kabla ya hapo nilishatuma barua pepe zaidi ya thelathini kwa maprofesa, zote zikianza na "nina shauku kubwa". Moja nilisahau kubadili jina, Mjerumani nikamwita jina la Mnorwe. Alijibu mstari mmoja wa adabu. Aibu yake nilikaa nayo wiki nzima. Iliyonifungulia mlango ilikuwa fupi: nimesoma makala yako, grafu yangu hii hapa, mbona misimu mingine mvua inanyesha vizuri lakini kisima hakipandi? Siku nne baadaye tulikuwa tunaongea kwa video, intaneti ikikatikakatika. Kwa hiyo anza na swali lako, nchi itafuata.

Meli si lazima. Joto la uso wa bahari linapimwa na setilaiti, na data za NASA ya Marekani na za Copernicus, mpango wa setilaiti wa Ulaya, zinapatikana bure. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hata kwa kompyuta ya kuazima.

Ujerumani, Norway na Uholanzi nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama kazi, zina mkataba na mshahara, basi omba kama mtu anayeomba kazi. Nafasi za Marie Skłodowska-Curie, zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, haziangalii uraia, ila usiwe umeishi nchi unayoombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3 iliyopita. Sisi wa Nzuguni, hapa Dodoma, hapo tumepita bila jasho. Marekani vyuo vingi vinakupokea hata na shahada ya kwanza. Usiyetaka kwenda mbali, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar, na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, wanaotoa ruzuku za utafiti wa bahari, wako hukohuko. Wa miamba msihangaike: Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapahapa mjini.

Barua za mapendekezo ziombe mwezi mzima kabla, na umkumbushe mwalimu bila kuona haya. Wangu aliituma usiku wa mwisho kabisa. Kilichoniokoa ni kwamba saa sita usiku ya Berlin, wakati wa baridi, kwetu ni saa nane.