Maana ya kupewa makavu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimenifika, nasi hapa Tanga hatujambo. Umeniuliza kama ulisifiwa au ulisutwa pale ulipomwambia kijana mmoja, mbele ya kikao kizima cha ofisi yenu, kwamba ripoti yake haifai na aiandike upya, wenzako wakacheka na kusema, "Dada leo kampa makavu laivu." Umeniuliza pia kwa nini kijana yule hajakusalimia tangu siku hiyo, ilhali ulichosema kilikuwa kweli.

Makavu ni kivumishi kilichobaki peke yake baada ya nomino yake kuachwa: yalikuwa maneno makavu, watu wakaona "maneno" hayana haja ya kutajwa. Ukavu wake ni ule wa wali usio na mchuzi. Wali mkavu ni chakula halali na unashibisha, lakini humwandalii mgeni ukatarajia aumeze bila kupaliwa. Usiyachanganye na kuropoka, kwa kuwa mropokaji husema kabla ya kufikiri, lakini mtoa makavu amekwisha kufikiri, anajua kuwa yatauma, ila haoni muhali. Wala si kusema kinagaubaga, maana anayesema hivyo hulifafanua jambo mpaka likaeleweka. Wewe ulimwambia ripoti haifai. Je, ulimwonyesha ni wapi?

Mimi nilipewa makavu mwaka 1994, nilipokuwa nafundisha Korogwe. Niliitwa kupokea simu, nikaenda chaki ikiwa bado mkononi, na ndugu yangu mmoja wa ukoo akaniambia bila hata salamu, "Baba kafa, tunazika kesho adhuhuri." Hakusema uongo hata neno moja. Unaijua desturi yetu: aliye mbali huambiwa, "Omba ruhusa uje, mzee hali yake si nzuri," naye ndani ya basi huanza kukisia, na akishuka na kuona wanaume wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba, moyo wake umekwisha kufika kabla yake. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi nauona ni huruma, kwa sababu habari ni ileile, bali mtu amepewa njia ya kuifikia. Nilipoweka simu chini, chaki ilikuwa imesagika kiganjani, na hadi leo nikimwona ndugu yule, sauti yake ya siku ile ndiyo ninayoisikia kwanza.

Hata hivyo, sisemi kwamba makavu ni mabaya siku zote. Marehemu shangazi yangu alipoona namkopesha shoga yangu kila mwisho wa mwezi, alinichukua uani, akafunga mlango, akanikalisha kwenye kigoda na kuniambia, "Huyo hakulipi, na wewe unajua, ila unaogopa atakuacha." Nililia pale pale. Sikumkopesha tena, na maneno hayo hakuna mwingine aliyeyasikia mpaka leo ninapokuandikia.

Ndiyo maana hilo neno laivu linanitia wasiwasi kuliko makavu yenyewe. Limetoka redioni na kwenye televisheni, nalo halina maana pasipo watazamaji. Ulisifiwa, mwanangu, lakini na watu ambao si wao waliopewa. Sijapata kusikia mtu akisimulia kwa furaha jinsi alivyopewa makavu laivu. Pia sisi tuna neno linalokaribiana na makavu, mkavu wa macho, yaani mtu asiye na haya, na anayezoea kuwatolea watu uvivu hadharani hachelewi kuitwa hilo. Nisingependa uitwe hivyo, kwa kuwa nakujua sivyo ulivyo.

Ripoti ikiwa haifai, haifai. Usiende kuikana kauli yako, wala usimpake kijana yule mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwendee akiwa peke yake, uanze wewe kumsalimia, umwambie kwamba ulipaswa kumwita pembeni, kisha ifungueni ripoti hiyo muipitie ukurasa kwa ukurasa. Unijulishe alivyokupokea.

Ni mimi mama yako.